TUJUE UMRI WA MTOTO KABLA YA KUMHUKUMU
(Mazungumzo ya katekista kwa wazazi na walezi, katika siku za Yubile ya parokia, Likasi)



Katika siku hizi za Yubile mengi yamekwisha kusemwa juu ya wale waliojenga kanisa hili kwa matofali na kwa jasho. Sisi tumepewa kazi ya kusema juu ya mawe yaliyo hai, tena yale madogo kabisa: watoto wetu toka miaka 3 hadi miaka 12. Tuliombwa kueleza namna akili na moyo wa mtoto vinavyokua, na namna anavyojifunza kuishi na watu. Tutafanya hivyo, lakini hatutaki maneno yetu yabaki elimu ya vitabu tu. Katika mji wetu wa Likasi, kama vile katika Lubumbashi, Mbuji-Mayi na Kinshasa, wako watoto waliofukuzwa nyumbani kwa sababu walihesabiwa kuwa walozi. Wengine hawajafikisha hata miaka 7. Basi neno letu ni hili moja: zile alama ambazo watu wanazishika kuwa alama za ulozi, mara nyingi sana ni alama za umri. Mzazi anayejua umri wa mtoto wake hatakuwa mwepesi wa kumhukumu.

I. MIAKA YA MCHEZO

Tumwangalie mtoto wa miaka 4 katika kiwanja cha nyumba, Kikula ao Panda. Anachukua mkebe mtupu wa nyanya, anatia udongo na maji, anasema ni bukari. Majani ya mwembe ni sombe. Kisha anamwita mtu asiyeonekana aje kula, anamgombeza kwa kuchelewa, anamjibu, anacheka. Mgeni anayepita atauliza: mtoto huyu anazungumza na nani? Anazungumza na mawazo yake mwenyewe. Watoto wengi wa umri huo, katika nchi zote, wana rafiki wa namna hiyo, naye rafiki huyo anapotea polepole kadiri mtoto anavyoingia katika masomo na kupata wenzake. Mchezo huo ni kazi ya mtoto. Ndani yake anajifunza kuwa mama, kuwa baba, kuuza na kununua, kukasirika na kupatana.

Mtoto huyu hajatenga bado vizuri ndoto, hadithi na jambo la kweli. Akiota kwamba amekwenda mbali usiku, asubuhi atasema: «Nilikwenda.» Akisikia hadithi ya Kalulu na ujanja wake, kesho atasema alimkuta Kalulu njiani. Hasemi uongo kama mtu mzima anavyosema uongo. Mizani ya kupimia mambo hayo haijakomaa ndani yake.

Mtaalamu mmoja wa Uswisi, Jean Piaget (1896–1980), alitumia maisha yake kuwauliza watoto maswali na kusikiliza kwa uvumilivu majibu yao. Jaribio lake moja mnaweza kulifanya nyumbani leo jioni. Chukueni kopo mbili za kioo zilizo sawa, tieni maji sawasawa. Mbele ya macho ya mtoto, mimineni maji ya kopo moja katika chupa nyembamba na ndefu. Muulizeni: wapi maji ni mengi? Mtoto wa miaka 4 ao 5, kwa kawaida, atasema ni mengi katika chupa, kwa sababu yamepanda juu. Mtoto wa miaka 8 atawacheka: ni maji yale yale! Tofauti yao si kwamba mmoja ana akili na mwingine hana. Mmoja amekua zaidi.

Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1932, Piaget alieleza jambo linalotuhusu sisi Wakristu zaidi. Aliwapa watoto visa viwili. Mtoto wa kwanza aliitwa kula, akasukuma mlango bila kujua kwamba nyuma yake kuna vikombe, vikavunjika 15. Mtoto wa pili alipanda kuiba vitamu wakati mama hayupo, akavunja kikombe 1. Nani amekosa zaidi? Wadogo wengi walijibu: yule wa vikombe 15. Wale waliokua walijibu: yule mwizi. Mdogo anahesabu hasara, mkubwa anatafuta nia.

Wazazi wapendwa, tushike vizuri neno hilo. Mtoto mdogo anayehesabu hasara, tena anayeamini kwamba mawazo yake yana nguvu, anaweza kujihesabia makosa asiyoyafanya. Alimkasirikia ndugu yake mchanga kwa sababu ananyonya peke yake. Wiki inayofuata mchanga anakufa kwa malaria. Mtoto wa miaka 5 anaweza kubeba moyoni kwamba hasira yake ndiyo iliyoua. Halafu anakuja mkubwa mwenye sauti kali, anamwuliza: «Ni wewe?» Mtoto anajibu: «Ni mimi.»

II. ALAMA ZINAZOCHUKULIWA KUWA USHUHUDA

Sasa tuangalie yale yanayosemwa katika mitaa yetu.

Wanasema: anakojoa kitandani, usiku anakwenda kazi yake. Waganga wa hospitali wanatuambia kwamba katika watoto 100 wenye miaka 5, kama 15 wangali wanakojoa usingizini. Wakifika miaka 10 wanabaki kama 5. Mara nyingi baba ao mama alikuwa hivyo hivyo katika utoto wake: waulizeni bibi na babu. Tena mtoto aliyekwisha kukauka anaweza kuanza upya akipata ugonjwa, akihamishwa nyumba, ao mama yake akifariki.

Wanasema: usiku anapiga kelele, macho wazi, hatutambui. Hiyo ni hofu ya usingizi, inayowapata watoto wa miaka 3 na zaidi. Mwili umeamka nusu, akili ingali imelala. Asubuhi hakumbuki kitu. Vilevile wako wanaosimama na kutembea wakiwa usingizini. Dawa yake ni kumrudisha kitandani kwa upole, na kumlinda asijiumize.

Wanasema: anaanguka, anatoa povu. Hicho ni kifafa, ugonjwa wa ubongo wenye dawa katika hospitali. Hauambukizi. Mtoto huyo anahitaji mganga, naye anapelekwa kwa waombaji wa usiku.

Wanasema: ni mkaidi, anauliza sana, anakaa peke yake, anakula bila kushiba. Mkaidi wa miaka 3 anajifunza kwamba yeye ni mtu. Anayeuliza sana anajifunza. Anayekaa peke yake labda ana huzuni, labda hasikii vizuri kwa masikio. Asiyeshiba labda ana minyoo, labda sahani yake ni ndogo kuliko ya watoto wa mama mwenye nyumba.

Hatukuja hapa kushindana juu ya mambo yote ambayo wazee wetu waliamini. Tunasema tu kwamba hakuna hata alama moja katika hizi inayoweza kusimama kuwa ushuhuda juu ya mtoto.

III. JUU YA KUKIRI KWA MTOTO

Wengine watatujibu: lakini yeye mwenyewe alikiri! Hapa ndipo watu wengi, hata watu wa sala, wanapoanguka.

Mtoto mdogo anaishi kwa kutegemea mkubwa. Kwake yeye jibu zuri ni lile linalomfurahisha mwulizaji. Ukimwuliza mara moja, atasema hapana. Ukimwuliza mara ya pili, atafikiri kwamba jibu la kwanza lilikuwa baya, atalibadilisha. Ukimnyima chakula, ukimtia pilipili machoni, kama inavyofanyika katika nyumba fulani za maombi, atakubali yote, na ataongeza majina ya watu wengine. Wataalamu waliochunguza ushuhuda wa watoto katika mahakama za Marekani, miaka ya 1980 na 1990, walithibitisha jambo hilo: kadiri mtoto alivyo mdogo, na kadiri swali linavyorudiwa likiwa na jibu ndani yake, ndivyo anavyosema asiyoyaona.

Wala jambo hili si la Afrika peke yake. Mwaka wa 1692, katika kijiji cha Salem, Marekani ya Kaskazini, Wakristu wa kule walishikwa na hofu ya ulozi. Walimkamata hata mtoto mmoja, Dorothy Good, mwenye umri wa kama miaka 4 tu. Waamuzi walimwuliza, naye akakubali; akasema mama yake alimpa nyoka mdogo anayemnyonya kidole. Mama yake, Sarah Good, alinyongwa mwezi wa 7 mwaka ule. Mtoto alikaa gerezani kwa miezi mingi akiwa amefungwa kwa minyororo. Alipotoka, akili zake hazikupona. Miaka mingi baadaye baba yake aliandika kwa serikali kwamba binti huyo hakuweza kujitawala. Mwamuzi mmoja wa kesi zile alitubu hadharani mwaka wa 1697. Toba ni jambo jema, lakini haikumrudishia mtoto miaka yake.

IV. KWA NINI SASA, KWA NINI KWETU

Ni vizuri kuuliza: je, desturi hii tuliirithi kwa mababu? Hapana. Zamani neno la ulozi lilikuwa likiwapata zaidi wazee. Uchunguzi uliotolewa na UNICEF mwaka wa 2010 ulionyesha kwamba kuwashtaki watoto kwa wingi namna hii ni jambo la miaka ya karibu, tena la miji hasa. Historia ya mji wetu inatusaidia kufahamu.

Likasi, ulioitwa Jadotville hadi mwaka wa 1966, ni mji wa kazi. Kuelekea mwaka wa 1928 kampuni ya Union Minière ilianza kuwakalisha wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao katika kambi. Kukawa nyumba, chakula cha kupimwa, vituo vya kupima uzito wa wachanga, masomo ya misioni. Kampuni ilifanya hivyo kwa faida yake, lakini desturi moja ikajengeka: mshahara wa baba unalisha watu wote wa nyumba, na mtoto kazi yake ni masomo. Tokea mwaka wa 1967 mali ile ilikuwa ya serikali, baadaye ikaitwa Gécamines, na desturi ile ikaendelea. Halafu mambo yakavunjika. Mwezi wa 9 mwaka wa 1990 mgodi wa Kamoto, Kolwezi, uliporomoka. Katika miaka ya 1992 na 1993 familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa katika mji huu wetu, zikakaa kwenye stesheni zikingoja treni, na watu wakafa pale. Mishahara ikachelewa kwa miezi mingi. Mwaka wa 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari.

Nyumba inapokosa mshahara, ndoa zinavunjika, wazazi wanakufa mapema, watoto wanagawanywa kwa wajomba na mama wa kambo ambao wenyewe hawana kitu. Kinywa kimoja kimezidi kwenye sahani. Msiba unatafuta mwenye kosa, na mwenye kosa rahisi ni yule asiyeweza kujitetea. Angalieni nani wanaoshtakiwa: mara nyingi ni yatima, mtoto wa kambo, mwenye kilema, mwenye kifafa. Ulozi ungewachaguaje hao hao maskini tu?

V. MIAKA YA MASOMO

Na mtoto aliyefukuzwa akiwa na miaka 6 ao 7 anapoteza nini? Anapoteza umri unaofuata, ambao haurudi mara ya pili.

Kanisa lilijua tangu zamani kwamba karibu na miaka 7 mlango mwingine unafunguka. Tarehe 8 mwezi wa 8 mwaka wa 1910, Papa Pio wa Kumi alitoa amri iitwayo Quam singulari, iliyowaita watoto kwenye Kitubio na Komunyo kuanzia karibu na miaka 7, wanapoanza kutumia akili. Sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1983, kanuni ya 97, inasema kwamba mtoto asiyetimiza miaka 7 hahesabiwi kuwa mwenye kujitawala. Tufikiri vizuri: mtoto ambaye Kanisa halimdai hata kuungama dhambi ndogo, sisi tunamdaije kuungama mauaji?

Toka miaka 7 hadi 12 mtoto anatafuta kujua: mimi naweza nini? Erik Erikson (1902–1994), mtaalamu aliyezaliwa Ujerumani na kufanya kazi Marekani, alieleza kwamba katika umri huu mtoto ama anapata furaha ya kazi na ufundi, ama anabaki na moyo wa kujidharau. Tunayaona hayo kwa macho. Mvulana wa miaka 9 anatengeneza gari la nyaya, magurudumu yanazunguka, usukani unafanya kazi. Msichana wa miaka 10 anaruka kamba na wenzake, wanahesabu, na anayedanganya anatolewa. Katika mchezo wenye sheria wanajifunza haki. Mtoto wa umri huu hawezi kuvumilia upendeleo: akiona nyama ya ndugu yake ni kubwa kila siku, ataandika moyoni. Anataka rafiki, anataka kikundi, anataka mkubwa mmoja wa kumwambia: umefanya vema.

Asipopata hayo nyumbani na katika masomo, atayatafuta kwingine. Atayapata barabarani, kati ya wenzake wanaolala sokoni. Ao kwenye mashimo, akiosha mawe kwa franka chache. Ninyi mnajua Shinkolobwe si mbali. Serikali ilikuwa imefunga machimbo yale mwanzoni mwa mwaka wa 2004, na hata hivyo mwezi wa 7 mwaka ule shimo liliporomoka na kuua watu. Mtoto wa miaka 10 mwenye mfuko wa mawe mgongoni amepata jibu la swali lake, «naweza», lakini amelipata kwa bei ya mapafu, ya masomo, labda ya uhai. Tangu mwezi wa 9 mwaka wa 2019 serikali imetangaza masomo ya msingi kuwa bila malipo katika masomo ya serikali, pamoja na yale ya Kanisa yanayotambuliwa nayo. Sare na daftari bado ni mzigo, tunajua. Lakini mlango si ule wa zamani, tusiuache ufunguke bure.

Na katika kumrudi mtoto, tumkumbuke Don Bosco, ambaye watoto wake Wasalesiani walifika Katanga mwaka wa 1911. Yeye aliweka malezi juu ya mawe matatu: akili, dini na upendo. Mdogo wa miaka 4 anafaa kurudiwa mara hiyo hiyo, kwa neno fupi. Wa miaka 9 anafaa kuelezwa sababu, na kupewa njia ya kutengeneza alichoharibu.

VI. TUNAYOOMBA

Katika Yubile hii tunaomba mambo matatu.

Kwanza, kwa wazazi na mashirika yetu ya kikristu mitaani: mtoto akianza kusemwa, shirika lisimame upande wake siku ile ile. Liulize umri wake, limpeleke hospitali, lisimwache na hasira ya nyumba. Sheria ya nchi iko pamoja nasi. Katiba ya mwaka wa 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtesa na kumwacha mtoto kwa neno la ulozi, na sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka wa 2009 inamwadhibu mwenye kumshtaki mtoto hivyo.

Pili, kwa wote wanaokimbilia waombaji: kanuni ya 1172 ya Kanisa inasema hakuna anayeweza kufanya ibada ya kufukuza pepo bila ruhusa ya wazi ya Askofu, na ruhusa hiyo hupewa padri tu. Katekista hana ruhusa hiyo. Mlei mwenye kipaji cha kusali hana. Anayemfunga mtoto asile siku tatu kwa jina la Yezu anatenda kinyume cha Kanisa.

Tatu, kwa wakatekista wenzetu: wasiofika miaka 7 tuwafundishe kwa hadithi, kwa nyimbo na kwa ishara, tukiwaonyesha Mungu kuwa Baba kabla ya kuwaonyesha mwamuzi. Waliopita miaka 7 tuwape sababu, tuwape kazi katika kanisa, tuwasifu wanapofaulu. Na kamwe, katika mafundisho, tusimwulize mtoto swali juu ya ulozi.

Bwana wetu alipoulizwa nani mkubwa katika ufalme, alimwita mtoto, akamsimamisha katikati ya wanafunzi wake. Mtaani, mtoto husimamishwa katikati ili ahukumiwe. Parokia inayoingia katika miaka mipya baada ya Yubile ichague ni katikati ipi itakayowaweka watoto wake. Orodha ya familia zinazolea yatima na watoto wa kambo itafunguliwa kwa Baba Paroko baada ya Misa ya Jumapili. Kila shirika lilete majina, pamoja na umri wa kila mtoto.

Bikira Maria na Mtakatifu Yosefu, waliomlea Yezu toka utoto hadi alipokomaa, watuombee.